Ng'ambo ya Mzee Fridolin

Mzee Fridolin alichagua wiki mbaya ya kufa. Mvua za elnino zilikuwa zimekusanya maji ya Udzungwa na ya milima ya Mahenge na kuyamwaga yote bondeni. Mto Kilombero ulikuwa umeacha njia yake na kuingia mashambani, mpunga umezama mpaka kwenye masuke, na pantoni imefungwa kwa minyororo upande wa Ifakara, haivushi gari wala mtu. Watu wenye akili walikuwa wanaahirisha harusi, safari, hata ugomvi wa mipaka. Yeye hakuahirisha.

Alifia nyumbani kwake Kibaoni, alfajiri, mkewe Konsolata akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Hakusema neno kubwa la kuagia. Aliomba maji, akanywa kidogo, akalalamika kwamba kikombe kinanuka moshi. Konsolata alikwenda jikoni kukisugua kwa majivu. Aliporudi nacho kikiwa safi, mwenye kiu hakuwepo tena. Mtu aliyetoka mzima kwenye vita vya Bama, akapita kwenye risasi za Wajapani na malaria ya msituni, alimalizwa na kikohozi.

Mjini walimwita Keya, jina la jeshi la Mwingereza alilolitumikia ujanani. Nyumbani jina lake lilikuwa moja tu, Baba Paskazia. Paskazia alikuwa mtoto wao wa kwanza. Surua ilimchukua kabla hajaanza shule, na baada yake walizaliwa wengine, lakini mzee hakukubali kamwe kuitwa Baba Evarist. Aliyemwita hivyo hakuitikiwa.

Kulipopambazuka vizuri turubai lilikuwa limeshafungwa uwanjani. Wanaume walikaa chini yake kwenye mabenchi ya kuazima, miguu wameiinua kukwepa maji. Ndani, Konsolata alikalishwa kwenye mkeka pamoja na binti yake Violeth. Huko ndiko alikofuatwa na mwanawe Evarist, fundi uashi, ambaye sasa ndiye aliyekuwa mkubwa wa nyumba. Katekista wa jumuiya aliingia nyuma yake, kofia mkononi.

"Mama," Evarist alianza, "tunataka tujue habari ya kaburi."

"Habari gani tena? Kaburi si liko pale." Konsolata alielekeza kidevu upande wa nyuma ya nyumba. "Pale kwa Paskazia."

Kila aliyemo chumbani alipajua. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kaburi dogo lililozungushiwa matofali, na pembeni yake kipande cha ardhi kitupu. Mzee hakuruhusu kioteshwe hata mchicha. Kila Jumamosi, kwa miaka yote hiyo, alitoka na kijembe chake chenye mpini mfupi akalipalilia kaburi la mwanawe, kisha akapalilia na kile kipande kitupu, ingawa hakikuwa na mtu. Hakumwachia kazi hiyo mtoto wala mjukuu. Violeth aliwahi kujitolea siku moja mzee akiwa na homa, akafukuzwa kwa ukali kama kuruta aliyegusa bunduki ya mwenzake.

"Mama, baba aliniachia maneno," alisema Evarist. "Alisema azikwe ng'ambo."

Mtu wa Ifakara akisikia neno hilo haulizi mara mbili. Ng'ambo ni Ulanga, upande wa pili wa mto. Huko ndiko zinakotoka ndizi za Mahenge, huko ndiko walikotoka wazee, na huko ndiko kulikokuwa nyumbani kwa kina Fridolin, kwenye mwinuko kando ya njia ya Lupiro.

"Alisema lini?" aliuliza katekista.

"Kwenye matanga ya baba mkubwa Damiani. Nilikuwa nimekaa naye. Alinishika mkono akaniambia, Evarist, nikifa mimi nizikwe ng'ambo. Watakuja watu kukuzuia, usiwasikilize, hata kama ni wa damu yako. Ndivyo alivyosema, na sikuongeza neno."

Na kweli hakuongeza. Evarist hakuwa mwongo, na katika mambo ya baba yake hakuwahi kutia chumvi. Katekista alitikisa kichwa akasema maneno ya marehemu yana uzito wake. Hapakuwa na mwingine wa kuuliza.

Konsolata alikuwa anamtazama mwanawe mdomoni, kama anayesubiri maneno mengine yatoke.

"Alisema hivyo?"

"Alisema, mama."

"Na mimi akaniweka wapi?"

Evarist aliinamisha kichwa. Alimhurumia mama yake, lakini alikumbuka ile ya watu watakaomzuia, hata wa damu yake, na akajikaza. Alikuwa ameliogopa jambo hili tangu siku alipoambiwa. Miaka tisa alikuwa akijiuliza ni nani huyo atakayekuja kumzuia, na sasa alimwona, amekaa kwenye mkeka, kanga imefungwa kiunoni.

"Kule atapaliliwa na nani?" Konsolata aliuliza tena. "Raimundi haoni hata sahani yake."

"Baba mdogo ana watoto, mama."

"Watoto wa Raimundi hawapalilii hata mihogo yao."

"Mama, tafadhali."

Konsolata akakaza fundo la kanga yake. Angeweza kulia ikaeleweka, msibani machozi yana ruhusa, lakini aliona aibu kulilia jambo lile mbele ya katekista. Mume kufa ni huzuni, na huzuni ina nyimbo zake. Mume kuomba alazwe mbali na wewe ni fedheha, na fedheha haina wimbo.

*

Mchana alifika Tadei Komba. Huyu alikuwa Mngoni, fundi baiskeli wa sokoni, na Wangoni na Wapogoro ni watani. Msibani mtani ndiye mwenye kazi. Huchimba kaburi, humsema marehemu bila woga, huvaa nguo zake na kumwigiza, mpaka wafiwa wacheke machozi yakiwa bado usoni. Tadei na Mzee Fridolin walikuwa wametaniana tangu Tadei akiwa kijana anasukuma baiskeli za watu, na kila mmoja alikuwa ameshamzika mwenzake kwa mdomo mara nyingi.

"Nipisheni!" alipiga kelele tangu barabarani. "Nimekuja kuhakikisha. Wapogoro nawajua, mkiona msimu wa kupalilia umefika mnajilaza!"

Aliingia mpaka chumbani, akasimama mbele ya maiti, na kwa muda mfupi uso wake ukawa wa mtu aliyefiwa. Kisha akanyoosha mkono akatungua koti la jeshi lililokuwa limening'inia msumarini tangu kabla ya Uhuru, akalivaa. Lilimfika magotini. Akatoka nalo uwanjani, kifua mbele, mguu wa kushoto akiuburuta kidogo kama alivyouburuta mwenyewe, akapuliza filimbi ya vidole.

"Amkeni! Mstari! Kucha!"

Violeth aliangua kicheko huko ndani. Ndivyo walivyoamshwa utotoni. Baba yao alikuwa akiwapanga mlangoni alfajiri, akawakagua kucha na masikio, kisha huyo huyo mkali akachota maji ya moto na kuwaogesha mmoja mmoja kwa mikono yake, jambo ambalo majirani walimcheka nalo. Mwanaume wa Kipogoro anaogesha watoto! Yeye alijibu kwamba jeshini alikuwa ameogesha watu wazima wasio na miguu, sembuse watoto wake.

Hata Konsolata alitabasamu. Tadei alizunguka uwanja mzima akikagua kucha za waombolezaji, akamkaripia katekista kwa masikio machafu, akaomba uji na kuumaliza kwa mafunda matatu huku akichungulia huku na huku, maana Keya hakuwahi kula taratibu maishani mwake. Watu walicheka mpaka benchi moja likaanguka.

Kisha akakaa. Akashika goti kwa mikono miwili, na sauti yake ikashuka ikawa ile ya mzee saa za jioni.

"Kule Bama kulikuwa na mto," alisema. "Jina lake siwezi kulitamka, na wewe huwezi. Tulimzika mwenzetu wa Mahenge, kijana mzuri, anacheka hovyo. Tukaweka jiwe. Asubuhi tukaondoka. Sasa nakuuliza wewe unayekunywa chai yangu. Kule nani analipalilia?"

Hapakuwa na kicheko. Kila aliyewahi kunywa chai nyumbani pale alikuwa ameulizwa swali hilo. Mzee hakuwa na hadithi nyingi za vita. Mizinga hakuizungumzia, Wajapani aliwataja kwa nadra na bila chuki, medali alimpa mtoto akachezee ikapotea. Lakini kaburi lile la kando ya mto lilimkaa moyoni maisha yake yote, na watoto wake walikuwa wamelisikia mara nyingi kiasi kwamba hawakulisikia tena.

*

Maiti haikuweza kusubiri mto upungue. Kesho yake asubuhi walilibeba jeneza hadi kivukoni, kwa trekta mpaka lilipokwama, na baada ya hapo kwa mabega. Mtu alikuwa ameshavuka jana yake kupeleka taarifa, akarudi na jibu la Raimundi, mdogo wake marehemu. Mleteni, vijana wanafyeka njia.

Mvushaji alikuwa Beno, Mndamba, mvuvi aliyezaliwa kwenye maji hayo. Alikuwa amefunga mitumbwi miwili pamoja kwa miti na kamba. Alilizunguka jeneza akilipima kwa macho.

"Huyu ni wa bei mbaya," alisema.

"Bei mbaya kivipi?" aliuliza Evarist. "Ni mtu mmoja."

"Mtu hai nikimwambia asogee, anasogea. Kiboko akitokea, anapiga kafi. Huyu atanisaidia nini?"

"Mzee wangu huyo unamsema."

"Namheshimu, kaka. Lakini mto hauna heshima."

Evarist alitoa alichokuwa nacho mfukoni, na hakikutosha. Alisimama pale mbele ya waombolezaji, fundi aliyejenga nusu ya nyumba za Kibaoni, akimbembeleza mvuvi kwa sauti ya chini. Mwisho Violeth alivua kitenge chake kipya cha juu, akakikunja vizuri na kumpa Beno bila kumtazama. Beno alikipokea naye bila kumtazama, kwa sababu hata yeye aliona haya.

Jeneza likapakiwa. Wakaingia Evarist, Tadei na vijana wawili wa jumuiya. Ndipo Konsolata akasogea mbele.

Watu walishangaa. Konsolata alikuwa anauogopa mto kuliko kitu chochote duniani. Utotoni mtumbwi ulipinduka akiwa na kaka yake, na aliyerudi alikuwa yeye peke yake. Tangu hapo alivuka kwa pantoni tu, na hata huko alikaa katikati, macho amefumba, mkono wa mumewe umemshika shingoni kwa nyuma. Msiba wa Damiani hakwenda kabisa, kwa kuwa ilikuwa masika. Sasa aliinua gauni kidogo, akaweka mguu mmoja ndani ya mtumbwi. Mtumbwi ukayumba. Mguu ukaanza kutetemeka, na kutoka mguuni mtetemeko ukapanda mpaka kidevuni.

"Bibi abaki," alisema Beno. "Atatutetemeshea chombo."

"Ni mume wangu," alisema Konsolata.

"Najua, bibi. Shuka."

Akamtazama mwanawe. Evarist angeweza kusema neno. Angeweza kusema tutamshika, mimi nitamshika. Alisema, "Bora ubaki, mama," na alisema kwa upole, lakini ndani ya upole huo mlikuwa na unafuu, na mama yake aliusikia.

Akautoa mguu. Kisha akafungua kanga na kutoa kitu alichokuwa amekibana kwapani tangu nyumbani. Kilikuwa kile kijembe chenye mpini mfupi, mpini umelainika kwa miaka ya kushikwa na mkono mmoja.

"Mpe Raimundi," alisema. "Mwambie ni kila Jumamosi."

Mitumbwi ikaondoka. Katikati ya mkondo maji yalipiga ubavu na kuingia ndani, Beno akatukana kwa Kindamba, Tadei akalilalia jeneza kwa kifua ili lisiteleze.

"Babu zangu waliwakimbiza ninyi mkavuka mto huu mbio," alimfokea marehemu, meno yakigongana kwa woga. "Leo mimi nakuvusha umelala! Huoni haya?"

Nyuma yao, kwenye ukingo, Konsolata alizidi kuwa mdogo. Hakupunga mkono.

*

Walimzika alasiri, mahali pa juu, kwenye udongo mwekundu usiofikiwa na maji. Tadei aliingia kaburini kwanza akajilaza, akagoma kutoka mpaka apewe kuku, akapewa kuku. Katekista wa kule aliongoza sala, watu waliimba vizuri, na Evarist alipotupa udongo wake wa kwanza alihisi mzigo wa miaka tisa umemtoka mabegani. Alikuwa ametii. Alilia kwa huzuni, na palepale alikuwa na furaha ya mtu aliyemaliza kazi aliyoagizwa.

Siku iliyofuata walikaa matanga barazani kwa Raimundi. Mvua ilikuwa imepumzika. Nyumba hiyo ndiyo iliyokuwa ya Damiani, na mjane wake, Mama Febronia, bado aliishi humo, mwanamke mnene mwenye kicheko cha karibu. Raimundi mwenyewe alikaa kwenye kiti chake, macho meupe kwa mtoto wa jicho, akielekeza uso kila sauti ilikotokea.

Chakula kilipoliwa, Tadei alisimama na lile koti. Aliwapa filimbi, aliwapa ukaguzi wa kucha, aliwapa uji wa mafunda matatu. Watu wa kule hawakuwa wameyaona, wakacheka upya. Akanogewa. Akaamua kumaliza kwa lile ambalo Evarist alikuwa amelisimulia Kibaoni, maana mtani hutumia kila anachokisikia. Akakaa kwenye ukingo wa baraza, akamshika Evarist mkono, akakunja uso.

"Evarist!" alisema kwa sauti ya mzee. "Nikifa mimi, nizikwe ng'ambo!" Na kwa kidole chake akapiga ardhi ya pale pale, mara mbili, kwa nguvu. "Hapa! Watakuja watu kukuzuia, usiwasikilize!"

Mama Febronia alikuwa anafuta machozi ya kicheko.

"Ah, mtani, hapo hujampatia!" alisema. "Umemkosea kabisa. Kwanza hakukaa hapo, alikaa pale kwenye kinu. Mimi nilikuwa napepeta mchele hapa hapa. Halafu si kidole. Alikuwa na fimbo. Akaiinua hivi." Aliinuka, akachukua mwiko, akaunyoosha kwa mkono ulionyooka kuelekea bondeni, kule maji yalikokuwa yanameta, kule Ifakara ilikokuwa. "Ng'ambo! Hivyo ndivyo alivyofanya. Na Raimundi akanuna siku nzima, mpaka pombe ikamshinda kunywa. Si kweli, shemeji?"

Watu walicheka. Tadei naye alicheka, akaanza kwenda kwenye kinu ili arudie vizuri. Katikati ya njia akasimama.

Evarist alikuwa hacheki. Alikuwa anautazama mwiko.

Siku ile ya matanga ya Damiani walikuwa wamekaa hapa, barazani hapa, upande huu wa mto. Na kwa mtu aliyekaa upande huu, ng'ambo ni kule. Ng'ambo ni Kibaoni. Ni nyumba yenye kaburi dogo la matofali, kipande kitupu pembeni yake, na mwanamke aliyeogopa kuvuka. Yeye aliyasikia maneno akiwa ameinamisha kichwa, anamlilia baba yake mkubwa, fimbo hakuiona. Akayachukua maneno, akapanda nayo pantoni, akavuka nayo mto, na mto ulipovukwa maneno yakageuka. Watu watakaokuja kumzuia walikuwa ndio hawa, waliomfyekea njia.

"Baba mdogo," alisema, akimgeukia Raimundi. "Baba mdogo, uliiona ile fimbo?"

Raimundi aligeuza uso pembeni. Miaka tisa nyuma macho yake yalikuwa bado yanaona.

"Niliiona," alisema.

"Ulijua alitaka wapi."

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Mlimleta wenyewe!" Raimundi alipandisha sauti. "Mimi nilituma mtu kuwaomba? Niliambiwa analetwa, nikafurahi. Ni kaka yangu, aliondoka hapa kijana, jeshi likamchukua, kisha mwanamke akamchukua. Ulitaka nisimame pale majini niwaambie mrudi naye?"

"Ndiyo," alisema Evarist. "Ndiyo, baba mdogo. Nilitaka."

Tadei alivua koti taratibu, akalikunja na kuliweka juu ya kinu. Utani ukawa umekwisha.

Kesho yake asubuhi, Evarist alipokuwa anajiandaa kuondoka, Raimundi alimwita karibu. Alimwambia kaburi la Mkristo halifukuliwi, padri hatakubali, na mto haungekubali hata padri akikubali. Akamwambia pia amhurumie mama yake, asimwambie. Mama Febronia naye alitikisa kichwa kukubali. Evarist aliona wana haki. Kumwambia kungesaidia nini? Alikwenda kaburini, akasimama. Alikusudia kumpa Raimundi kijembe, lakini mkono ulikataa. Akakirudisha mfukoni mwa koti lake na kuanza safari.

*

Konsolata alikuwa amekaa kivukoni, chini ya paa la kibanda cha tiketi, juu ya kreti la soda. Violeth alikuwa naye. Tangu mitumbwi iondoke alikuwa analala nyumbani na kurudi pale kila kunapokucha. Wapiga debe wa kivukoni, wasio na gari la kupigia debe, walikuwa wameanza kumwita bibi pantoni, mwanzoni kwa mzaha.

Beno alitia mtumbwi ukingoni. Evarist akashuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mmemweka vizuri?"

"Vizuri. Pako juu, maji hayafiki."

"Waliimba?"

"Waliimba sana."

Konsolata alitikisa kichwa. Alionekana mtulivu, mwembamba kuliko juzi.

"Kaa hapa nikuambie," alisema. "Nilikasirika, nisikufiche. Watu nilioishi nao wananiona mbele ya katekista, mume wangu hanitaki hata akiwa amekufa. Nilikasirika mpaka nikashindwa kumwombea. Lakini nimekaa hapa, nimefikiri. Ni mume wangu. Kama alitaka kulala kule, basi. Na mimi nikifa, mnivushe. Msiogope kwamba mama alikuwa anaogopa maji. Nitakuwa siogopi tena. Mnizike ng'ambo."

Evarist alikaa palepale kwenye tope. Aliliona kaburi dogo nyuma ya nyumba, majani yakiota kati ya matofali, na hakuna mtu upande huu wala ule wa kuja Jumamosi.

"Ng'ambo ipi, mama?" aliuliza.

"Kwani ziko ngapi?"

Akamwambia. Alimwambia yote, baraza, kinu, mwiko wa Mama Febronia, fimbo. Hakumficha Raimundi wala hakujificha mwenyewe. Violeth alianza kulia katikati ya maneno, lakini Konsolata alisikiliza mpaka mwisho, kinywa kikiwa wazi kidogo.

"Fimbo aliinyoosha huku?" aliuliza.

"Huku, mama."

"Na wewe ulikuwepo."

"Nilikuwepo. Nilikuwa nimeinama, nalia. Sikuona."

Akafikiri atapigwa, na angefurahi kupigwa. Mama yake alikuwa anatazama maji. Yalipita mbele yao mapana, ya rangi ya chai ya maziwa, yamebeba mashina ya migomba.

"Yuko kule," alisema Konsolata, "anadhani ni mimi niliyekataa."

"Mama, mtu akishakufa..."

"Lete hicho kijembe."

Evarist alikitoa mfukoni. Alikuwa amesahau kwamba mpini unaonekana. Konsolata alikipokea, akakifuta tope kwa ncha ya kanga, akakibana kwapani. Kisha akainama akavua ndala zake, moja, halafu ya pili, akazipanga juu ya kreti. Miguu yake ilikuwa imeshaanza kutetemeka.

"Nenda kamwambie Beno asifunge mtumbwi."